Kauboi wa Televisheni Aliyejenga Nyumba kwa Matairi Chakavu

Hotuba iliyotolewa kwenye mkusanyiko wa familia zinazozungumza Kiswahili, Aurora, Colorado, katika wiki ya Siku ya Dunia

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, habari za jioni, na poleni kwa kazi. Najua wapo mliotoka zamu mkaja moja kwa moja hapa hata kabla ya kupitia nyumbani. Watoto mliokaa mbele, asanteni kwa utulivu wenu.

Mwenyekiti amenipa nafasi nizungumzie mazingira. Nimeona nimzungumzie mtu mmoja aliyeishi na kufia katika jimbo hili letu, upande wa pili wa milima tunayoiona kila asubuhi. Jina lake Dennis Weaver. Kwa miaka mingi sura yake ilijulikana karibu kila sebule ya Marekani, kwanza kama msaidizi anayechechemea katika tamthilia ya kauboi iitwayo Gunsmoke, kisha kama askari wa kofia pana katika McCloud. Sehemu ya mwisho ya maisha yake aliitumia kupigania chakula, hewa na ardhi. Waigizaji waliowahi kuyasemea mazingira ni wengi. Huyu nimemchagua kwa sababu karibu kila jambo kubwa alilolifanya nje ya kamera lilianza na kitu ambacho watu walikuwa wameshakitupa.

Alizaliwa tarehe 4 Juni 1924 mjini Joplin, Missouri. Mji ule ulikuzwa na madini ya risasi na zinki. Machimbo yalitapakaa kwenye mpaka wa majimbo matatu, Missouri, Kansas na Oklahoma, na kampuni zilipokwisha kuchukua zilichokitaka ziliacha vilima vya kokoto zenye sumu. Watoto walivipanda wakicheza. Miongo kadhaa baadaye vipimo vya damu vikaonyesha watoto wengi wa eneo lile wana sumu ya madini hayo ya risasi mwilini, na mji wa Picher, upande wa Oklahoma, si mbali na Joplin, ukahamishwa watu wake mpaka ukakoma kuwa mji mwaka 2009. Ndugu zetu mliotoka Lubumbashi na Kolwezi hamhitaji maelezo yangu hapo. Kilima cha mabaki ya machimbo mnakijua kwa macho.

Ujana wake ulikuwa wa mbio. Alisoma Chuo Kikuu cha Oklahoma, wakati wa Vita Kuu ya Pili akawa rubani wa jeshi la majini, na mwaka 1948 alijaribu kuingia timu ya Olimpiki ya Marekani katika dekathloni, yale mashindano ya michezo kumi. Walihitajika watatu, yeye akawa wa sita. Akahamia New York kujifunza uigizaji, na mwaka 1952 mwigizaji Shelley Winters akamsaidia kupata mkataba na studio ya Universal huko Hollywood. Mkataba ulimwingiza mjini, lakini haukumlisha kwa muda mrefu. Mwaka 1955, akiwa na mke na watoto, alikuwa anasambaza maua majumbani kwa dola 60 kwa wiki. Ndipo akapata kazi ya Gunsmoke kwa dola 300.

Hapo nitulie kidogo, maana kipo kitu cha kukitazama. Shujaa wa tamthilia ile, Matt Dillon, aliigizwa na James Arness, jitu la karibu mita mbili. Msaidizi wake, Chester, alitakiwa awe mtu ambaye mtazamaji akimwona anaelewa mara moja kwa nini si yeye anayekwenda kupambana na majambazi. Weaver alikuwa mwanariadha, mwili umejengeka. Kwa hiyo wakakubaliana Chester awe na mguu mkavu usiokunjika. Jaribuni nyumbani: kaeni chini, inukeni, pandeni farasi, vaeni buti, bila kukunja goti la kulia. Alifanya hivyo kwa miaka tisa. Watazamaji waliamini kabisa kwamba ni kilema, na mwaka 1959 akapewa tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha tabia yake. Akishika jambo, anaishi ndani yake na mwili wake wote. Mtaiona tabia hiyo tena tukifika kwenye nyumba.

Gunsmoke ilihusu Dodge City, Kansas, mji uliotajirika kwa ng'ombe. Makundi makubwa yaliswagwa kutoka Texas mpaka pale, yakapandishwa garimoshi kwenda machinjioni. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1958, Weaver akaacha kula nyama na hakuirudia tena. Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga kutoka India aliyeweka makao California, na kwake kuacha nyama kulitokana na imani kabla ya kuhusishwa na mazingira. Najua familia nyingi humu riziki yao inatoka kwenye viwanda vya nyama vya Greeley na Fort Morgan. Sikuja kumwambia mtu aache kazi wala abadilishe sufuria yake. Nalisema kwa sababu ndio uamuzi wake wa kwanza wa namna hii, na aliufanya kimya, nyumbani kwake, miaka mingi kabla mtu yeyote hajamwita mwanaharakati.

Mwaka 1964 aliondoka Gunsmoke. Akaigiza katika tamthilia ya familia na dubu wao, Gentle Ben, kuanzia 1967 hadi 1969. Kuanzia 1970 hadi 1977 akawa McCloud, askari wa Taos, New Mexico, aliyepelekwa kufanya kazi New York, akipita katikati ya magari akiwa juu ya farasi. Likumbukeni jina hilo la Taos.

Ndani ya kipindi hicho kuna filamu moja ya televisheni ambayo siwezi kuiruka. Inaitwa Duel, ilionyeshwa Novemba 1971, na aliyeiongoza ni kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 25, Steven Spielberg. Weaver anaendesha gari dogo jekundu kwenye barabara ya jangwani California. Nyuma yake lipo lori la mafuta, kuukuu, limejaa kutu, linatoa moshi mweusi, linataka kumuua. Uso wa dereva hauonekani filamu nzima. Saa nzima na zaidi ni mtu mmoja, barabara, na lori la mafuta lisilochoka. Nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila mara naona vigumu kuitenganisha na mambo ambayo mtu huyu alikuja kuyasema akiwa mzee kuhusu nchi yake na petroli.

Kuanzia 1973 hadi 1975 wenzake walimchagua kuwa rais wa chama chao, Screen Actors Guild. Watu wengi wakisikia mwigizaji wanafikiri ni utajiri, lakini wanachama wengi wa chama kile ni watu wa vibarua, leo yupo kazini, kesho hana. Yeye mwenyewe alishabeba maua ya watu milangoni. Naamini pale ndipo alipozoea kukaa mezani na wenye mali, kudai na kujadiliana, na kazi aliyoifanya baadaye ilihitaji ustadi huo hasa.

Mwaka 1983, yeye na mwigizaji Valerie Harper walianzisha huko Los Angeles shirika waliloliita L.I.F.E., kifupi cha Love Is Feeding Everyone, maana yake upendo ni kumlisha kila mtu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza. Katika mji uleule, supamaketi zinatupa chakula kizima, na mitaa michache kutoka pale watoto wanalala na njaa. Kinachokosekana ni gari, watu wa kujitolea, na mtu wa kwenda kuzungumza na meneja. Wakayatafuta hayo matatu. Chakula kikawa kinakusanywa na kupelekwa kwa wenye shida, mpaka shirika likafika mahali pa kusaidia kulisha watu 150,000 kwa wiki katika Kaunti ya Los Angeles.

Ninyi mnaofanya kazi za usiku madukani mnajua ninachokizungumzia. Mnapewa mkokoteni mwondoe rafuni mkate wa jana, mtindi unaofikia tarehe kesho, ndizi zenye madoa. Watu wengi wanadhani tarehe ile ni amri ya serikali na kwamba ikipita chakula kimekuwa sumu. Sivyo. Sheria ya shirikisho inalazimisha tarehe kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga tu. Nyingine nyingi zinawekwa na watengenezaji wenyewe kuonyesha ubora, kwamba biskuti bado inavunjika vizuri mdomoni. Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba asilimia 30 hadi 40 ya chakula cha nchi hii hakiliwi. Wenye maduka walikuwa na hofu ya kushtakiwa endapo mtu ataumwa tumbo baada ya kula chakula walichotoa bure, na hofu hiyo ilipatiwa jibu la nchi nzima mwaka 1996, ilipopitishwa sheria ya shirikisho inayomlinda anayetoa chakula kwa nia njema. Kwa hiyo meneja anayewaambia leo kwamba sheria inamkataza, mwambieni kwa adabu kwamba sheria iko upande wake.

Hapa ndipo ninapoona mlango alioingilia kwenye mazingira. Chakula kilichotupwa kilishakunywa maji, kilishachomewa dizeli ya trekta na ya lori, na kikifukiwa jalalani kinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoshika joto kuliko kaboni dioksidi kwa mbali sana. Mtu anayehangaika na njaa ya mtaani, akiuliza maswali mawili matatu ya ziada, tayari yuko kwenye habari ya hali ya hewa. Weaver aliuliza. Akawa karibu pia na mwimbaji John Denver na taasisi yake ya Windstar, hapahapa Colorado, waliokuwa wakifundisha watu kuhusu nishati na ardhi. Akaanza kuzungumza na wanafunzi wa vyuo na watoto wa shule kuhusu uchafuzi, akazungumza hata Umoja wa Mataifa.

Sasa tuje Ridgway. Ni mji mdogo kusini-magharibi mwa Colorado, kando ya mto Uncompahgre, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na milima ya San Juan imeuzunguka. Weaver na mkewe Gerry, waliooana mwaka 1945, walijenga huko nyumba yao mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuta zake zilijengwa kwa matairi chakavu zaidi ya 3,000 na makopo ya aluminiamu yapatayo 300,000.

Mbunifu wa nyumba za aina hiyo ni Michael Reynolds, msanifu majengo wa Taos, mji uleule ambao McCloud alidaiwa kutoka. Tangu miaka ya 1970 Reynolds alikuwa anajenga kwa takataka. Acheni niwaeleze kazi inavyofanyika, maana wapo mafundi humu. Unalaza tairi chini. Unalijaza udongo wa palepale ulipochimba msingi. Unachukua nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, unashindilia udongo uingie mpaka ndani kabisa ya kingo za tairi, unaongeza, unashindilia tena. Likishashiba linakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100 na mtu mmoja halinyanyui, kwa hiyo unalijazia mahali litakapokaa milele. Juu yake unapanga jingine kwa kupishana, kama fundi anavyopishanisha matofali. Unapata ukuta wa karibu mita moja unene. Mapengo unayaziba kwa udongo na makopo, kisha unapiga lipu. Kuta za ndani zisizobeba mzigo zinajengwa kwa makopo yaliyolazwa kwenye saruji. Ukiingia huoni tairi hata moja.

Upande wa kusini wote ni vioo. Wakati wa baridi jua hupita chini, miale inaingia hadi ukutani, na ule ukuta mnene unakunywa joto mchana kutwa na kulitoa pole pole usiku. Kiangazi jua likiwa juu haliingii sana, na ukuta uleule unaweka ubaridi. Umeme unatoka kwenye paneli za sola na betri. Wote tunazijua bili za gesi za Januari. Ridgway baridi yake inaizidi ya hapa.

Sisi hatuhitaji kushawishiwa kwamba tairi lililokwisha lina kazi. Wengi tumekua tukiona, au tukivaa, makatambuga yaliyokatwa kutoka kwenye tairi, na wenzetu wa Kenya wanayaita akala. Lakini Marekani ya wakati ule ilikuwa imezama. Kufikia 1990 ilikadiriwa kuwa matairi chakavu karibu bilioni moja yamerundikwa nchini. Yanashika maji ya mvua na kuzalisha mbu, na ni katika matairi yaliyotumika yaliyoingizwa kutoka nje ndimo mbu wa Asia anayeweza kubeba dengue alipata njia ya kuingia Texas mwaka 1985. Yakishika moto hayazimiki kwa urahisi. Februari 1990, huko Hagersville, Kanada, matairi yapatayo milioni 14 yaliwaka kwa siku 17. Mkiujua muktadha huo, mtaelewa kwa nini mwigizaji tajiri kuyachukua maelfu kadhaa na kulala katikati yake lilikuwa jambo la kuandikwa magazetini.

Lipo la kumlaumu, na nitalisema kwa sababu nampenda. Nyumba ile ilikuwa kubwa mno. Ilikuwa nyumba ya nyota wa Hollywood, na kiasi cha saruji, vioo na vibarua vilivyoingia pale si cha mtu wa kawaida. Mtu anaweza kusema kwamba njia nyepesi ya kuihurumia ardhi ni kujenga nyumba ndogo, na atakuwa amesema kweli. Lakini naye alikuwa na jambo la kuthibitisha. Katika miaka ile, aliyesema nyumba ya takataka alieleweka kuwa ni kibanda cha watu waliokimbia jamii. Weaver alitaka kamera ziingie, zikute sebule nzuri yenye mwanga na maua, na mtazamaji wa Ohio aseme hata mimi ningekaa hapa. Kamera ziliingia. Kipaji chake kilikuwa kuonekana, na aliamua kukitumia hapo. Kwangu mimi alikuwa sahihi.

Mwaka 1993 alianzisha taasisi isiyo ya faida, Institute of Ecolonomics, jina linalounganisha maneno ya Kiingereza ya ikolojia na uchumi, iliyokuwa na makao Berthoud, kaskazini mwa Denver. Msimamo wake ulikuwa kwamba uchumi unaoharibu ardhi unajikata miguu, na vilevile kwamba juhudi za mazingira zisizomwacha mtu apate riziki hazitadumu. Kwa jumuiya kama yetu, hili la pili ndilo zito. Tumekuja hapa kutafuta maisha. Tukiambiwa kuyalinda mazingira ni kuacha kazi na kununua vitu vya bei kali, tutaitikia kwa heshima na kwenda zetu. Weaver alikulia katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na hakuwahi kuzungumza kuhusu ardhi kana kwamba watu hawali. Alitaka viwanda vipate faida kwa kutumia tena kilichokwisha kuchimbwa, na sola na upepo viwe ajira. Paneli zilipokuwa ghali maneno hayo yalionekana ndoto. Leo wapo vijana wetu wanaozipanda paa za watu wakifunga paneli hizo na kulipwa.

Akikaribia miaka 80 aliongoza msafara wa magari yanayotumia nishati mbadala kutoka Los Angeles hadi Washington, akiuita Drive to Survive. Njiani walisimama kuzungumza na watu kuhusu utegemezi wa nchi yao kwa mafuta. Umri ule wengi huwa wameshakabidhi funguo kwa watoto. Televisheni nayo hakuiacha: mwaka 2005 alikuwa bado anaigiza katika tamthilia ya farasi iitwayo Wildfire.

Alifariki nyumbani kwake Ridgway tarehe 24 Februari 2006, kwa matatizo yaliyotokana na saratani, akiwa na miaka 81. Kandokando ya mto kuna bustani ya umma yenye jina lake, yenye sanamu kubwa ya tai wa shaba, na sehemu ya ardhi imeachiwa wanyama na ndege.

Namalizia na mambo mawili ya kufanya, kisha nimrudishie mwenyekiti kipaza sauti. La kwanza ni chakula. Mama zetu waliozungumza nami wiki iliyopita wana friji moja na gari moja, wanatafuta watu wanne wenye leseni, jioni za Jumatatu na Alhamisi, wa kupita madukani kuchukua kinachotolewa rafuni kabla hakijaenda kwenye pipa. Wanaofanya kazi kwenye maduka hayo, mtusaidie tu kumjua meneja wa zamu. La pili ni safari ya Ridgway mwezi wa sita, theluji ikishapungua kwenye njia za milimani. Ni mwendo wa saa tano mpaka sita kutoka hapa, tutalala usiku mmoja. Nyumba yenyewe ni makazi ya watu, hatutaisogelea, ila bustani iko wazi kwa kila mtu na watoto watapata mto wa kuchezea. Majina anaandika katibu pale mlangoni, na wenye magari makubwa tafadhali wamwambie zimebaki nafasi ngapi.